Pembe ya Koko Ilinuka Ukucha

Harufu ya ukucha unaoungua haimpendezi mtu, lakini mimi ikinifikia puani natulia kama kuku aliyerudi kiotani. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nyumba ya udongo yenye turubai juu ya paa, kila Jumamosi asubuhi Koko alipofungua kitambaa chake, akatoa pembe na kuipitisha juu ya makaa. Koko ndivyo tunavyomwita bibi sisi tuliotoka Kivu, Kongo. Aliipitisha mara tatu, polepole, akiigeuza kama mtu anayechoma hindi, na moshi mwembamba ulipanda ukachanganyika na harufu ya nta, ya majivu na ya vumbi jekundu ambalo halikuwahi kubisha hodi. Kisha wagonjwa walianza kufika: mama mwenye kichwa kinachogonga, mzee ambaye mgongo wake umekataa jembe, kijana aliyebeba magunia ya mahindi hadi bega likalia. Koko aliwakalisha kwenye mkeka, akawachanja kidogo kwa wembe mpya, akabandika pembe, akavuta hewa kwa mdomo kupitia tundu dogo la nchani, halafu akaliziba tundu hilo kwa nta aliyokuwa ameiweka shavuni. Pembe ilishika ngozi yenyewe, kama mtoto anyonyaye, ikavuta damu mbaya. Huko ndiko kuumika. Kazi yangu, nikiwa na miaka kumi, ilikuwa kulainisha nta kwa vidole, kazi ninayoisifu mpaka leo kwa sababu ilifanywa mtu akiwa amekaa.

Niseme mapema: mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wenzangu walikimbilia ziwani kuona samaki wakishushwa, walipanda vilima kutafuta kuni wakarudi na hadithi za fisi. Mimi nilikaa mlangoni. Nilijua nani amepita, amevaa nini, na amerudi na nini ambacho hakuondoka nacho. Mama yangu alizoea kusema kwamba mtoto wa mwenzake akitumwa maji hurudi na maji, wa kwake hurudi na sababu. Nilipofika sekondari nilichagua shule ambayo kengele yake niliisikia nikiwa kitandani, na nikaishia hapo hapo. Kwa hiyo msomaji asitegemee kwamba nitamsimulia porini nilikofuata nyayo za mnyama. Mnyama wa habari hii alinifuata mwenyewe nyumbani, akiwa kwenye karatasi.

Turudi kwenye pembe. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiganja hadi ncha za vidole, imepinda kidogo, nyeusi nchani, na sehemu ya chini ina rangi ya maziwa yaliyochacha, nyororo kwa kushikwa miaka na miaka. Koko aliiheshimu kuliko wakwe zake. Kila mgonjwa mgeni alipewa habari ileile: kwamba pembe ilitoka kwetu, milimani juu ya Fizi, kwamba siku ya kukimbia vita aliifunga mgongoni, mahali pa mtoto, akavuka nayo ziwa, na kwamba mwenyewe wa pembe hakuwa mnyama wa mchezo. "Ni ya nyama iko na hasira," alisema akishusha sauti. "Njo maana inavuta vile." Mgonjwa akiuliza ni mnyama gani, Koko alishikwa na kikohozi. Kikohozi hicho hakikuwa cha kifua. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi kiasi cha kujua kwamba kinatibu maswali fulani.

Kiangazi cha mwaka ule mgeni alianza kuja shuleni kwetu kutoka mji wa Mbarara, kutufundisha habari za wanyamapori. Aliitwa Madam Katusiime, mwanamke mrefu mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na uwanja mzima, na alikuja na picha ya kifaru iliyochorwa kwenye turubai pana kama shuka. Watoto tulifurahi, maana picha hiyo ilifuta kipindi cha hesabu. Watu wazima hawakufurahi. Nakivale hakuna mgeni anayekuja bila kuzua maswali. Mgeni akija na kalamu, watu hujiuliza nani anapunguzwa kwenye orodha ya mgao. Akija na biskuti, hujiuliza biskuti hizo zinaziba nini. Huyu alikuja na mnyama, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake tayari. Jirani yetu Papa Bonane, fundi baiskeli ambaye mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya bisibisi yake, ndiye aliyelipata kwanza.

"Mutu atoke Mbarara, achome petroli yote ile, juu ya kutuonesha picha ya nyama?" aliwauliza waliokuwa wakingoja baiskeli zao. "Bure? Hapana, ndugu zangu. Leo banaleta picha. Kesho bataleta nyama yenyewe. Kesho kutwa bataleta wigo. Na sisi batatutupa fasi gani?"

Tusimcheke. Upande wa Mburo, si mbali nasi, kuna mbuga ya wanyama, na sisi ni watu ambao tumehama mara nyingi kuliko vyungu vya sokoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jioni ile ile mama mmoja alianza kuvuna mihogo yake michanga, ili kifaru atakapofika asiikute.

Mimi lakini nilimpenda yule mnyama, na nitasema kwa nini hata kama mtanicheka. Madam alitueleza kwa Kiswahili chake cha Mbarara, mwalimu wetu akimsaidia palipokwama, kwamba kifaru ana njia zake na hazibadilishi. Asubuhi anapita hapa, mchana analala pale, na hata choo chake ana mahali pamoja anaporudi kila siku. Watoto walicheka waliposikia habari ya choo. Mimi nilimtazama kwenye turubai, mwili ule mzito na macho yale madogo, nikajiambia: huyu ni mwenzangu. Huyu naye akitumwa maji anarudi na sababu. "Na juu ya ile," Madam akasema, "watu wabaya wanamupata rahisi. Wanangoja tu kwa njia yake. Wanamuua, wanakata pembe, wanaacha nyama yote pale inaoza." Alisema vifaru wa porini Uganda waliisha wote hivyo, mmoja mmoja, kabla sisi hatujazaliwa, na kwamba wachache walioletwa baadaye wanaishi ndani ya uzio, wakilindwa na watu usiku na mchana. Nilitokwa na machozi. Mnyama anauawa kwa kosa la kupenda kwao!

Halafu akasema maneno mawili yaliyotuletea balaa. La kwanza: kwamba pembe ile watu wanainunua kwa pesa kuliko dhahabu, wakidhani ni dawa. La pili: kwamba si dawa hata kidogo. "Ni kitu kimoja na kucha yako. Kitu kimoja na nywele. Ukichoma, inanuka tu kama kucha." Akatuonyesha kidole chake. "Kwa hivyo mukiona mutu iko na pembe, musifiche. Museme."

Pembe. Inayodhaniwa dawa. Inayonuka ukucha ikipita motoni.

Siku mbili zilizofuata nilimchunguza Koko wangu kama polisi wa mpakani. Nilikata ukucha wa kidole gumba, nikautupa kwenye makaa alipogeuka, nikanusa. Kisha nikangoja Jumamosi, akapitisha pembe, nikanusa tena. Harufu ilikuwa ileile, si ndugu yake wala binamu. Nikaanza kuona mambo ambayo niliyaona miaka yote bila kuyaona: kwamba pembe hailali juu ya rafu bali chini ya godoro, kwamba mgeni mwenye sare akipita, kitambaa kinafungwa, kwamba kikohozi kile kinakuja palepale. Nilipata ujasiri nikamuuliza, tukiwa wawili tu.

"Koko, hii pembe ni ya nyama gani?"

"Ya nyama haiulizwake," akajibu. "Lainisha nta."

Basi nikawa na ushahidi wote. Wiki iliyofuata mwalimu alitupa insha: nitafanya nini kumwokoa kifaru. Aliyeandika vizuri angepata kofia ya kijani iliyoletwa na Madam, na mimi nilikuwa nimeshaipangia kofia ile kazi, kunikinga jua la saa nane pale mlangoni. Wenzangu waliandika kwamba watakuwa marubani watakaolinda mbuga kutoka angani. Mimi sikuwa na nia ya kwenda mbali hivyo. Niliandika kilichokuwa karibu: kwamba Koko wangu ana pembe ya kifaru chini ya godoro, kwamba inanuka ukucha, na kwamba naomba asamehewe kwa sababu anawaponya watu vichwa. Mwalimu hakuisoma kwanza. Aliifungua mbele ya darasa na kuanza kuisoma kwa sauti, akitabasamu, na tabasamu lake likaisha sentensi ya pili. Alinyamaza, lakini darasa la watoto sitini si kisima. Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshakaa kwenye kiti chetu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walisema chawa, nadhani, walimsahau mjukuu.

Jambo lililokuwa hatarini nilielezwa na Mama usiku huo huo, kwa sauti ya chini na bila kofi, nami ningependelea kofi. Familia yetu ilikuwa na dosie. Watu wa Nakivale wanajua uzito wa neno hilo: karatasi zako ziko ofisini, umehojiwa, unangoja kuitwa uende nchi ya mbali kuanza upya. Mtu mmoja wa nyumba akiwa na kesi, dosie ya wote inalala. Na Koko mwenyewe, kwa umri ule, angelala kwenye sakafu ya jela ya Mbarara. Papa Bonane alipita asubuhi kutupa pole iliyochongoka. "Mama Esperansi," alimwambia Koko, akimwita kwa jina la mama yangu, "ulitufichaka kitu kikubwa hivi? Na mimi mugongo yangu uliweka pembe ya hatia mara tatu!" Wagonjwa wakakatika. Waliopita njiani walitembea upande wa pili wa barabara wakiangalia nyumba yetu kwa jicho la pembeni, jicho nililokuwa nikimwangalia nalo Koko. Likirudishwa kwako, jicho hilo lina uzito.

Aliyekuja kwetu kwanza hakuwa polisi, wala Madam. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mimi niko mlangoni kama kawaida, shule nimeikimbia kwa aibu, ndipo pikipiki ikasimama na mwanamume akashuka, amevaa koti la ngozi katika jua la kiangazi. Alikuwa mpole mno. Aliuliza afya ya kila mtu, hata ya mbuzi. Akasema kichwa kinamsumbua na amesikia kuna mama ana pembe. Koko akamwambia akae mkekani. Hakukaa. Akasema kwamba labda ingekuwa vizuri zaidi akiinunua kabisa ile pembe, aondoke nayo, na Koko ataje mwenyewe anachotaka, hata nyumba ya bati Mbarara si neno. Koko alimtazama kichwani, akatazama viatu vyake, akatazama pikipiki.

"Kichwa kinauma, na hautake kuwekewa," alisema. "Pembe iko kwa mugonjwa, mbali. Kuya siku ingine."

"Nitakuja Jumapili," alisema yule mtu. Hakusema tena habari ya kichwa.

Alipoondoka Koko alikunja mkeka. Kisha akaniita, akaniuliza kama ni mimi niliyesema habari ya pembe. Nikasema ni mimi. Nikamweleza yote, kifaru, njia zake, ukucha, kofia. Nilingoja anilaani. Badala yake aliuliza: "Ile nyama, kweli inarudiaka fasi moja kila siku?" Nikasema ndiyo. "Masikini," akasema. "Iko sawa na wewe." Halafu akajifunga kitenge cha kanisani na kuniambia nivae viatu.

Tulikwenda mjini Isingiro juu ya lori lililopeleka mahindi, Koko mbele kwa dereva kwa heshima ya mvi, mimi juu ya magunia nikilia kwa sababu mbili, hatia na safari. Tulipofika alinishika mkono tukapita katikati ya mikungu ya ndizi sokoni, na hapo, akitembea bila kunitazama, akaniambia ukweli. Pembe ya kweli, ile aliyoachiwa na mama yake, haikuvuka ziwa. Mgongoni siku ile alimfunga mtoto wa jirani aliyempoteza mamake, na mikononi alishika sufuria, na pembe ikabaki ndani ya nyumba iliyokuwa ikiungua. Alipofika Nakivale hakuwa na kitu. Siku moja mama mmoja alilia kichwa usiku kucha, na Koko akajua kitu kinachotakiwa na hana. Akaja Isingiro, akaenda buchani. "Nilinunua pembe ya ng'ombe. Ndama wa hapa hapa, wa Kinyankole. Nikatoboa ncha, nikasugua na mchanga hata ikazeeka." Akasimama. "Sasa niambie, mujukuu wangu. Mukimbizi akisema, hii ni ya bucha, nani atamupa mugongo yake? Lakini nikisema imetoka kwetu, niko mutu. Niko na kitu nilitoka nacho."

Nilichukua kitambaa chenye pembe, nikakibeba mwenyewe mpaka buchani.

Mwenye bucha alikuwa Hajji Abdu, mzee wa Isingiro mwenye kofia ya kufuma na kisu kilicholiwa na kinoo hadi kikawa chembamba kama jani la mwanzi. Koko alimwekea pembe mkononi. Aliigeuza mara moja tu. "Nyabo, mama, huyu ni ng'ombe," alisema. "Nani anasema si ng'ombe?" Koko alipomweleza, Hajji alicheka hadi akashika nguzo, kisha akaacha kucheka ghafla aliposikia habari ya koti la ngozi. Alisema Jumamosi atafunga bucha saa tano, aje Nakivale aseme mwenyewe.

Jumamosi Madam Katusiime alikuwa na mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa mpira, safari hii na askari wawili wa wanyamapori, na uwanja ulijaa kama siku ya mgao. Nusu ya watu walikuja kusikia kama watahamishwa; nusu nyingine walikuja kuona mwanamke mzee akifungwa pingu. Kabla Madam hajamaliza salamu Koko alisimama, akapita katikati, akafungua kitambaa mbele ya kila jicho. Nikasikia turubai la kifaru likipigwa na upepo. Askari mmoja alisogea. Madam aliishika pembe, akaiinua, akachungulia kwa chini, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Leteni maji," akasema.

Mtu akaleta kopo. Madam akaziba kitundu cha nchani kwa kidole, akamimina maji ndani ya pembe, ikajaa. Akatuambia tuangalie vizuri. Pembe ya ng'ombe ni ala tu, inavikwa juu ya mfupa. Ukitoa mfupa inabaki na uwazi ndani. Pembe ya kifaru haina uwazi. Imejaa mpaka katikati kama kipande cha mti, haiwezi kushika hata tone, na hakuna mtu anayeweza kuumika kwayo. Zote mbili zitanuka ukucha ukizichoma, ndiyo, hata kwato zitanuka. "Ile ya kunuka nilisema," aliongeza akinitafuta kwa macho, "lakini ya kujaa sikusema. Kosa ni yangu."

Hajji Abdu akainuka nyuma. "Na mimi ndiye niliuza! Wallahi, ndama wa jirani yangu, alivunjika mguu!"

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo. Kilikuwa cha ahueni, lakini kilikuwa na meno. Papa Bonane alisimama mikono kiunoni. "Mama Esperansi! Kumbe miaka yote unatuwekea pembe ya bucha? Uliapa imetoka Fizi!"

Niliona uso wa Koko ukibadilika. Hilo ndilo alilokuwa ameliogopa, zaidi ya jela. Mwizi wa pembe angeogopwa. Mama wa pembe ya bucha anachekwa. Lakini alimgeukia. "Bonane," akasema taratibu, "mugongo yako, ilipona ao haikupona?"

Papa Bonane akafungua mdomo. Akaufunga. Kwa wanaomjua, huo ulikuwa muujiza mkubwa kuliko kuumika.

Koko hakukaa. Alimwambia Madam habari ya mtu wa koti, na akamwambia jambo ambalo hakuna mwenye shahada aliyekuwa amemwambia. "Wewe unafundisha watoto balinde nyama, ni vizuri. Lakini unabaambia bei yake. Watoto banaenda nyumbani, banasema bei. Ile ingine yote banasahau. Mwizi anasikia bei, anatoka Mbarara, anafika kwangu mbele yako." Madam hakujitetea. Alitoa daftari akaandika. Kisha akauliza kama kuna aliyemwona vizuri huyo mtu, na Koko akanisukuma mbele. Nilieleza koti, kovu la kidole, kioo cha kushoto kilichofungwa kwa waya, na namba zote za pikipiki, kwa kuwa mtu anayekaa mlangoni hana kazi nyingine. Askari aliandika mpaka akageuza ukurasa. Jumapili yule mtu hakuja. Wapo waliosema alikamatwa njiani. Wengine wakasema alikuwa wa hao hao wa wanyamapori, ametumwa kutupima. Madam aliapa hakumtuma. Papa Bonane alisema hata yeye angeapa.

Kofia ya kijani aliipata mtoto aliyetaka kuwa rubani.

Wagonjwa wa Koko walirudi, si wote, na kila aliyerudi alichungulia kwanza ndani ya pembe kabla ya kutoa mgongo. Koko aliacha kusema habari za Fizi. Aliacha pia kuiweka chini ya godoro. Ikatundikwa ukutani, mahali pa wazi. Alikufa hapo hapo Nakivale, dosie ikiwa bado inasubiri, na pembe akaniachia mimi. Siumiki mtu, sina mdomo wenye nguvu hizo. Nashona sare za shule, cherehani iko mlangoni, na Mbarara naenda tu uzi unapoisha. Lakini mara mojamoja walimu huniomba niende na pembe darasani, nami huwapa watoto wachungulie, huwaeleza ya kujaa na ya uwazi, na bei siitaji. Wakiniuliza bei nashikwa na kikohozi.

Zamani tuliogopa kwamba vifaru wataletwa watufukuze. Siku hizi watoto wananiuliza kama kifaru yupo kweli au ni wa hadithi, na hofu hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Mwizi naye hashuki tena kwenye pikipiki. Anaingia kwenye simu, kwa upole uleule, ananiuzia unga wa pembe unaotibu kila kitu kuanzia presha hadi ndoa. Kila anayenitumia ujumbe huo namjibu hivi: kata kucha zako, saga, kunywa, na uniachie mnyama. Nimeambiwa nina ulimi mbaya. Mwenyewe sijawahi kumwona kifaru. Walipo ni safari ya kutwa nzima, nami bado nina sababu zangu. Nafurahi tu kwamba wapo, kila mmoja kwenye njia yake, na kwamba safari hii anayewangoja njiani ni mlinzi.

Wiki iliyopita niliipitisha pembe juu ya makaa kuitoa vumbi. Binti yangu, ana miaka tisa, aliacha daftari lake, akanusa, akanitazama kwa lile jicho la pembeni. Nilijua swali kabla hajalifungua. Sikukohoa. Nilimwambia ni ya ndama wa Isingiro, na kwamba ya kwetu iliungua, nikampa mkononi. Aliiweka jichoni upande mpana, akafumba jicho lingine, akaielekeza kwangu.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Kitundu," akasema. "Na goti lako, mama. Liko palepale mlangoni."